Nje Rangi Gani, Ndani Rangi Gani? Jozi za Rangi za Gari la Michezo Zikipimwa kwa Jua la Tabora

Anza na ndani. Najua si desturi. Mtu akiagiza gari la michezo, injini ataisoma mpaka aikariri, gia atauliza kama ni za klachi au otomatiki, mwaka atauangalia kwa sababu ya ushuru. Ikifika rangi anajibu kwa neno moja, "nyeusi" au "nyeupe", na neno hilo ni la bodi tu. Ndani atapokea itakavyokuja. Halafu gari linashuka Dar es Salaam, linapandishwa kupitia Dodoma na Manyoni hadi huku kwetu, na baada ya siku chache mwenyewe anagundua kwamba bodi aliyoilipia wanaifaidi zaidi watu wa kijiweni. Yeye anaiona asubuhi akifungua mlango na jioni akiufunga. Muda wote uliobaki anatazama dashibodi, usukani na siti ya pembeni.

Sababu ya pili ni ya gereji. Bodi inarekebishika. Paneli ikikwaruzwa inapigwa puti, msasa na rangi, maisha yanaendelea. Ndani kuna plastiki za milango, silingi, kapeti, nguzo za vioo na mikanda, na vyote vilitoka kiwandani vikiwa vimepangwa kwa rangi moja au mbili. Ukibadilisha siti peke yake, hivyo vingine vitakusema kila ukikaa.

Magari ninayoyafikiria ni yale yanayofikika kwa njia ya mtumba wa Japani: Toyota 86 iliyotoka mwaka 2012 na pacha wake Subaru BRZ, Mazda Roadster, Mazda RX-8, Nissan Fairlady Z, Honda S2000, Impreza WRX STI. Wenye watoto waongeze Altezza na Mark X. Wenye 86 watanuna wakisikia Mark X inaitwa gari la michezo, lakini jua haliulizi milango ni miwili au minne. Mengi ya magari haya yalitengenezwa yakiwa na ndani nyeusi, kwa hiyo mnunuzi wa mtumba hachagui kutoka upinde wote wa mvua. Anachagua kati ya jozi zilizowahi kutoka kiwandani, na anachopaswa kujiuliza ni ipi kati ya hizo itaishi vizuri Tabora.

Jua, vumbi na mwembe

Tabora ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Jua hutupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. La Machi lina mawingu ya masika ya kulipunguza makali. La Oktoba halina kizuizi. Mvua bado, majani ya miombo ndiyo kwanza yanachipua, na kuanzia saa sita na nusu mchana paa la gari lililoegeshwa uwanjani huwezi kuliwekea kiganja. Gari la michezo linaumia zaidi hapo kuliko gari la kawaida, kwa kuwa kioo chake cha mbele kimelala na kibanda chake ni kidogo. Jua linaingia moja kwa moja juu ya dashibodi na hewa ya kulipokea ni chache.

Rangi ya nje inachangia kiasi gani? Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani walichapisha mwaka 2011 majaribio ya Honda Civic mbili zilizoachwa juani, moja nyeusi na moja ya silva. Paa la nyeusi lilizidi la silva kwa joto hadi nyuzi 25 za Selsiasi, lakini hewa ya ndani ilitofautiana kwa nyuzi 5 au 6 hivi. Tofauti hiyo inaonekana, na kiyoyozi kitaihisi, ila si ile ya mbingu na ardhi ambayo watu huisimulia. Kinachokuunguza mapaja ni siti yenyewe, na kinachokuunguza viganja ni usukani. Hivyo ni vya ndani.

Vumbi la Tabora nalo lina tabia yake. Ni la kichanga, lina kahawia iliyopauka, na kuanzia Juni hadi mvua za Novemba linakaa juu ya kila kitu. Mtu wa Kigoma anapambana na udongo mwekundu unaotia doa kwenye vizingiti vya milango na nyuma ya magurudumu, na ushauri wangu kuhusu nyeupe asiuchukue mzima mzima. Kwetu sisi doa si tatizo kubwa, tatizo ni ule unga usiokwisha.

Halafu kuna mwembe. Kivuli chake ndicho kinachookoa dashibodi, na mji huu umejaa miembe. Lakini mwembe huohuo unadondosha utomvu, na kuanzia Novemba embe zikiiva popo wanakula usiku na kuacha mabaki juu ya boneti. Kinyesi cha popo na cha ndege kikikauka juani kinakula klia, ile safu ya juu isiyo na rangi, na alama inayobaki huonekana vibaya zaidi kwenye rangi za giza. Kwa hiyo anayeegesha chini ya mti na anayeegesha juani wasichague rangi moja.

Nyeusi nje: ndani nyeusi, au ndani ya rangi ya maziwa?

Nyeusi kwa nyeusi ndiyo jozi inayoombwa sana na vijana, na sishangai. Gari lenye mistari mikali likioshwa na kupigwa polishi, nyeusi tii inapendeza kuliko zote. Kwa saa moja. Baada ya hapo vumbi linarudi, na likirudi wewe unarudi kuosha, na hapo ndipo hasara ilipo. Kijana wa kuosha magari hutumia kitambaa kilekile kwa Noah, kwa bajaji na kwa gari lako. Chembe za mchanga zilizonasa humo huchora mikwaruzo myembamba ya duara ambayo kwenye nyeupe usingeiona mwaka mzima, lakini kwenye nyeusi unaiona jua likipiga tu. Ukitaka nyeusi, nunua vitambaa vyako, waelekeze wamwage maji mengi kwanza kabla ya kugusa bodi, na ukubali kuonekana msumbufu.

Lingine ni vijiwe. Lori likikupita kwenye barabara ya Nzega, kokoto inang'oa kipande cha rangi kwenye pua ya gari. Chini ya rangi kuna praima, rangi ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya kijivu au nyeupeupe. Kwenye boneti nyeusi kila kokoto inaacha nukta nyeupe.

Ndani nyeusi inaficha mafuta ya mikono na rangi ya suruali za jinzi, lakini haifichi vumbi letu. Dashibodi nyeusi ya Tabora ina rangi ya majivu kufikia saa nne asubuhi. Na siti nyeusi za ngozi saa saba mchana ni adhabu. Za kitambaa ni afadhali kidogo.

Ndani ya maziwa chini ya bodi nyeusi ni jambo jingine. Kibanda kinaonekana kikubwa, siti hazichomi sana, na ule weusi wa nje unapata heshima ya kikubwa badala ya ubabe. Mark X utazikuta za namna zote mbili na tofauti inaonekana papo hapo ukifungua mlango. Kasoro zake ni mbili. Jinzi mpya na kanga zinazochuja huacha rangi kwenye ngozi nyeupe, hasa ukingoni mwa siti ya dereva. Na kama una shughuli zako Kigoma na unarudi na dumu la mawese, hapo mimi sina la kukusaidia.

Jambo la kuangalia kabla ya kupenda: sehemu ya juu ya dashibodi iwe ya giza hata kama vingine vyote ni vya maziwa. Dashibodi nyeupe inajirudia kwenye kioo cha mbele kilicholala, na mchana wa Oktoba utakuwa unatazama barabara kupitia kivuli cha dashibodi yako mwenyewe. Viwanda vinalijua hili, ndiyo maana ndani nyingi za maziwa huwa na sehemu ya juu nyeusi au kahawia iliyokolea. Wanaoharibu ni wale wanaotandika kitambaa cha kung'aa juu yake baadaye.

Kati ya hizi mbili nachukua nyeusi na maziwa. Anayeona hawezi kuitunza maziwa, basi na ile nyeusi ya nje aiache, kwa sababu nyeusi kwa nyeusi inadai utunzaji zaidi.

Nyeupe: na nyeusi, au na nyekundu?

Nyeupe ndiyo rangi inayouzika upesi, na kwa jua letu ndiyo yenye akili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia uliona pia kwamba magari meupe yana hatari ndogo ya kugongana kuliko meusi. Anayeendesha jua likizama kwenye barabara ya Urambo, ng'ombe wakirudi mabandani na bodaboda nyingine hazina taa, hahitaji kusoma utafiti kujua kwa nini.

Lakini nyeupe ziko mbili, na watu huzichanganya. Nyeupe ya kawaida, ile nyeupe pee kama namba ya rangi 040 ya Toyota, ni rangi moja na klia, au hata rangi bila klia. Fundi yeyote mwenye kompresa nzuri na mkono uliotulia anaweza kupulizia bampa likafanana na fenda. Nyeupe ya lulu, kama 070, hupigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, kisha safu ya maika inayong'aa, kisha klia. Safu ya katikati ikizidi kidogo au ikipungua, bampa linakuwa na weupe wake na mlango weupe wake. Ukilitazama gari kwa mbele ni sawa, ukisogea ubavuni unaona magari mawili. Lulu ni nzuri zaidi, sibishi. Kwenye mapaja ya nyuma ya Fairlady Z inaonyesha kila mkunjo. Ila gari la michezo lipo chini, matuta yetu ni marefu, na bampa la mbele litakwaruzwa. Panga kabla utalipeleka kwa nani. Kwa 86 kuna mtego mwingine mdogo: lilijengwa kwenye kiwanda cha Subaru na namba zake za rangi ni za Subaru. Nyeupe yake ya lulu ni 37J. Fundi akiitafuta kwenye orodha ya Toyota peke yake anaweza kuhangaika bure.

Nyeupe na ndani nyeusi ni jozi isiyokosea na isiyosisimua. Nje panapoa, ndani panabaki na kazi ya vumbi. Ndiyo ninayompa mtu anayetaka kuuza baada ya miaka miwili.

Nyeupe na ndani nyekundu ndiyo yenye historia. Gari la kwanza la Japani kushindana Formula 1, Honda RA271 ya mwaka 1964, lilikuwa jeupe lenye duara jekundu, na Honda wakaurudisha weupe ule kwenye magari ya Type R kuanzia NSX ya mwaka 1992, nje nyeupe inayokaribia maziwa, ndani siti nyekundu za Recaro. Ukiiona jozi hiyo kwenye Integra au Civic ya miaka ile, ujue haikuwa mapambo ya mtu wa mtaani. Lakini siti nyekundu za kitambaa juani zinapauka, hasa mabegani panapopigwa na jua la kioo cha nyuma. Kagua hapo kwanza. Gari likiwa na siti nyekundu zilizopauka kuelekea pinki, weupe wa nje hautaziokoa, utazianika.

Nyekundu, na kesi ya Simba

Tuliseme kabisa: ukinunua gari jekundu Tabora utaitwa Simba hata kama hujawahi kukanyaga uwanjani. Kama wewe ni Yanga, usinunue ukidhani utazoea.

Nyekundu hufyonza mwanga wa upande wa bluu na urujuani, wenye nguvu zaidi, na ndiyo maana nyekundu za zamani zisizo na klia zinachakaa mapema kuliko rangi nyingine. Za kisasa zina klia yenye kinga, na zinadumu mpaka klia yenyewe ichoke. Ikichoka inaanza kubanduka kwa magamba juu ya paa, boneti na spoila. Gari jekundu la mtumba likague paa kwanza, kwa kidole na si kwa picha. Na nyekundu za Mazda zenye namba 41V na 46V ni nzuri ajabu, zina kina ambacho rangi ya kawaida haina, lakini zinapata kina hicho kwa tabaka juu ya tabaka. Mlango mmoja ukigongwa, kuupata ule wekundu tena ni kazi ya fundi aliyebobea na mfuko uliojaa.

Kwa ndani: nyekundu na nyeusi inatulia, na uzi mwekundu kwenye siti na usukani unatosha kuunganisha nje na ndani. Nyekundu na maziwa ni ya likizo, inapendeza kwenye Roadster lenye paa wazi, haipendezi kwenye sedani. Nyekundu nje na nyekundu ndani siikubali kwa gari lolote.

Bluu, na rangi usiyoichagua

Kuna rangi ya tatu kwenye kila gari ambayo mnunuzi hakuulizwa: kibao cha namba. Gari binafsi Tanzania lina kibao cha njano chenye maandishi meusi, mbele na nyuma, na kwenye gari dogo la chini kibao hicho kinachukua nafasi kubwa usoni. Picha za mnada wa Japani hazikionyeshi. Unapotazama picha, funika eneo la kibao kwa karatasi ya njano uone.

Juu ya nyekundu, njano inapiga kelele. Juu ya silva inaonekana kama kitu kilichobandikwa. Juu ya nyeusi inakaa vizuri, na juu ya bluu inaonekana kama ilipangwa. Haishangazi, kwa kuwa Subaru za mbio za magari za dunia (rali) za miaka ya 1990 zilikuwa za bluu zenye michoro ya njano na rimu za dhahabu. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia nayo mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003, na kila kijana wa Kitanzania anayependa Subaru anaota bluu ile, namba 02C, bila kujua imetoka wapi.

Bluu inaficha vumbi kuliko nyeusi ila si kama kijivu. Ndani yake, STI nyingi za kizazi cha pili zina siti nyeusi zenye kitambaa cha bluu katikati, na hiyo ndiyo jozi sahihi kwa gari lile, usiiguse. Kwa magari mengine, bluu iliyokolea na ngozi ya kahawia ni jozi ninayoiona mara chache na kila nikiiona nageuka. Kahawia ina joto, bluu ina ubaridi, na vumbi letu likikaa juu ya kahawia huoni kitu. Bluu na ndani nyekundu ni kwa mtu anayeuza viatu.

Silva na kijivu

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoipenda na kwa sababu watu huipita bila kuitazama. Silva wanaiona rangi ya teksi. Ni kweli Corolla za silva zimejaa, lakini rangi ileile juu ya S2000, yenye ndani nyekundu, ni gari jingine kabisa. Wekundu ukiwa nje unatangaza kwa kila mtu. Ukiwa ndani ya silva, anauona anayefunguliwa mlango.

Kwa vumbi hakuna inayoshinda silva na kijivu chepesi. Gari linaweza kukaa siku nne bila kuoshwa katikati ya Agosti na mtu wa mbali akadhani limetoka kuoshwa jana. Kuosha mara chache kuna faida ya klia, kwa sababu mikwaruzo mingi hutoka kwenye kuosha kwenyewe. Kwa jua, silva ipo karibu na nyeupe. Na kokoto zikipiga pua, praima ya kijivu chini yake haionekani.

Sasa ubaya wake, na ni mkubwa: silva ndiyo rangi ngumu kuliko zote za kawaida kuipatia kiraka. Ina punje ndogo za metali, na punje hizo hulala kutegemea umbali wa bunduki ya kupulizia, shinikizo la upepo na wingi wa tina, kile kiyeyusho cha rangi. Fundi akipiga bampa peke yake akaishia ukingoni, bampa litakuwa jeusi kidogo au jeupe kidogo kuliko fenda. Anayejua kazi huivuta rangi taratibu hadi paneli ya jirani ili jicho lisipate mpaka. Kazi hiyo huchukua siku zaidi na hela zaidi. Kijivu kilichokolea kidogo kina shida hiyohiyo ila jicho linasamehe zaidi. Rangi yenyewe nashauri ichanganywe kwa mashine kwa namba ya gari, hata kama ni kuiagiza Mwanza au Dar es Salaam, isikorogwe kwa macho.

Kijivu kina kasoro nyingine ya usalama: asubuhi ya mvua kinafanana na lami. Washa taa.

Kwa ndani, silva na nyeusi ni ofisi. Silva na nyekundu nimeshasema. Kijivu na damu ya mzee ndiyo jozi ninayoipigia kura kuliko zote zilizomo humu: damu ya mzee haipauki kwa aibu kama nyekundu, haichafuki kama maziwa, haichomi kama nyeusi tii, na usiku taa za dashibodi zikiwaka inakuwa nyeusi yenye siri. Kwa bahati mbaya viwanda viliitoa mara chache. Fairlady Z zilipata ngozi ya chungwa iliyokolea, RX-8 baadhi zikapata nyeusi kwa nyekundu. Ukiikuta yoyote kati ya hizo ndani ya bodi ya kijivu, na injini ni nzima, maliza biashara.

Kijani, njano, chungwa

Kijani kilichokolea na ngozi ya kahawia ni jozi ya Kiingereza. Magari ya Uingereza yalianza kupewa kijani kwenye mashindano ya Gordon Bennett ya mwaka 1903 yaliyofanyika Ireland, na Mazda wakaiazima jozi hiyo mwaka 1990 kwa Roadster la V-Special: kijani, ngozi ya kahawia, usukani wa mbao wa Nardi. Ni nzuri sana chini ya mwembe na inaficha utomvu kiasi. Lakini kijani na kibao cha njano, ndugu yangu, ni Yanga kamili. Kama uko tayari, hongera.

Njano na chungwa, ndani nyeusi tu. Zinapendeza miezi sita. Kuziuza huku ni kumsubiri mtu mmoja mwenye wazimu kama wako.

Kabla hujatuma hela

Karatasi ya mnada wa Japani ina nafasi ya rangi ya nje, rangi ya ndani, na nafasi ya kuonyesha kama rangi ya gari ilibadilishwa. Mwombe wakala akutafsirie nafasi hizo tatu, si daraja la ubora peke yake. Gari likishafika, Toyota nyingi zina kibati chenye sehemu iliyoandikwa C/TR: herufi na namba za kwanza ni rangi ya bodi, zinazofuata ni rangi ya ndani. Kiwanda kinaziandika pamoja. Kibati kikisema nyeupe na macho yako yanaona bluu, fungua buti uinue kapeti, uangalie na kingo za milango. Aliyebadilisha rangi huko nyuma mara nyingi aliishia panapoonekana.

Ukitaka kubadilisha wewe mwenyewe, kumbuka kadi ya gari ina sehemu ya rangi, na mabadiliko hayo yanatakiwa yafike TRA. Trafiki akikusimamisha na kadi inasema silva wakati gari ni jekundu, maelezo yatakuwa marefu.

Siti ni rahisi zaidi kuliko bodi. Mafundi wetu wa siti wana mkono mzuri, na siti nyeusi zilizochakaa zinaweza kushonewa damu ya mzee katikati huku kingo zikibaki nyeusi, ili zipatane na milango. Angalia tu ubavuni mwa siti: kama kuna kijibandiko cha SRS, humo mna mfuko wa hewa, na mshono wa upande huo umetengenezwa upasuke kwa namna maalumu. Sehemu hiyo isishonwe upya kwa uzi mgumu wala kufunikwa na kava.

Rimu ziache mwisho, kwani ndizo rahisi kubadilisha. Nyeusi zinaficha unga wa breki, za silva hazifichi. Dhahabu ni ya bluu na, kwa ujasiri, ya nyeupe. Na zile za kiwandani usimwachie fundi wa matairi. Zifunge kwenye gunia uziweke stoo, mnunuzi wa gari hili atakuja kuziulizia.